Onyesheni hesabu kwanza, ndipo mpandishe ada

Haya wasomaji wangu, nilikuwa nimeahidi kwamba wiki hii tungemalizia somo la kuhifadhi nakala za hifadhidata. Somo hilo litasubiri. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi, na mtu mwenye kitu kooni hawezi kufundisha.

Jumamosi nilikuwa Soweto West, Kibera, katika saiba ya shemeji yangu. Mnaonijua mnajua kwamba mwisho wa wiki huwa nakaa pale: kompyuta nne, printa moja yenye kikohozi, na benchi la wateja nje. Kazi yangu ni kuondoa virusi na kuwasaidia watu kujaza fomu za serikali. (Watu wetu huamini kwamba anayeijua kompyuta anaijua serikali pia. Laiti!)

Mara wakaingia vijana watatu wa kikundi cha kuzoa taka. Mnaoishi katika mitaa yetu, iwe Kibera au Kawangware, mnawajua vijana wa aina hii. Wana mkokoteni, magunia na glavu zilizotoboka. Wanapita mlango kwa mlango, na kila nyumba huwalipa pesa kidogo kwa wiki. Sasa walikuwa wameambiwa wapate leseni ya kusafirisha taka, la sivyo mkokoteni utakamatwa.

Tukaanza kujaza fomu. Aina ya gari? Tukatazamana. Nambari ya usajili wa gari? Tukacheka. Lakini tulipofika ukurasa wa malipo kicheko kikaisha. Mwenyekiti wao akasoma kiasi mara mbili, akaniuliza, "Kaka, hii pesa ni ya nini?"

Nikamjibu vile ninavyosikia kwenye redio: ni ya kurejesha gharama.

Akanyamaza kidogo. "Gharama ya nani? Taka wanazoa wao ama sisi?"

Mimi hula kwa kuandika mifumo ya malipo. Najua shilingi inapotoka kwenye simu yako inapita wapi mpaka iingie benki. Na bado sikuwa na jibu la kumpa yule kijana. Ndiyo sababu naandika haya.

Tuanze na yale maneno yenyewe, kwa sababu yana ujanja. Kila serikali inapotaka kupandisha ada ya leseni, kibali, cheti au ukaguzi wa mazingira, husema inataka kurejesha gharama za huduma. Ukisikia hivyo unafunga mdomo. Nani atasimama aseme gharama zisilipwe?

Sisi waandishi wa programu tuna desturi moja nzuri. Mtu akidai programu yake inafanya kazi, tunamwambia aiendeshe mbele yetu. Basi gharama nayo ni nambari. Ina vipande vyake: mshahara wa ofisa anayesoma faili, mafuta ya gari la ukaguzi, vipimo vya maabara, seva, karatasi, umeme. Jumlisha vipande hivyo, gawanya kwa idadi ya leseni zinazotolewa kwa mwaka, utapata gharama ya leseni moja. Ni laini kumi za msimbo, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeziandika kabla ya chai ya saa nne. Kama hesabu hiyo ipo, mbona ni vigumu hivi mwananchi kuiona? Na kama haipo, basi aliyesema anarejesha gharama alikuwa anakisia, na hiyo ada ni kodi iliyobadilishwa jina.

Mkidhani nachokoza, tazameni kitambulisho cha taifa. Kwa miaka mingi anayekichukua mara ya kwanza hakulipa chochote. Novemba 2023 Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Kithure Kindiki, akatangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba kitalipiwa shilingi 1,000, na aliyepoteza chake alipe 2,000 badala ya 100. Watu wakapiga kelele, mambo yakafika mahakamani, ada zikasimama. Mwaka 2024 zikarudi zikiwa zimepungua: 300 kwa kitambulisho kipya na 1,000 kwa kilichopotea. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kuiondoa ada ya anayeomba mara ya kwanza.

Hebu iandike kama orodha: 0, 1000, 300, 0. Kadi ni ileile! Anayepiga picha na kuchukua alama za vidole ni yuleyule. Hakuna gharama duniani inayoruka hivyo ndani ya miaka miwili. Kama gharama halisi ilikuwa 1,000, aliyeshusha hadi 300 alijaza wapi lile pengo la 700? Na kama ilikuwa 300, zile 700 za juu zilikuwa za nini? Mtu akiniletea msimbo unaotoa majibu manne tofauti kwa swali moja, siiti hiyo programu. Naiita kubahatisha. Kilichobadilika kila mara ni ukubwa wa kelele zetu, na ada inayofuata kelele haijafuata gharama.

Sasa tuje kwenye mazingira, ambako kelele ni chache kwa sababu wengi hatuelewi fomu zake.

Mamlaka ya kusimamia mazingira, NEMA, ilizaliwa na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Kanuni za mwaka 2003 za kutathmini athari za miradi ziliweka ada ya leseni kuwa asilimia 0.1 ya gharama ya mradi. Piga hesabu. Jengo la shilingi milioni 10 lilipe 10,000. Jengo la milioni 100 lilipe 100,000. Swali langu ni dogo: je, kusoma ripoti ya jengo la pili kunachukua muda mara kumi ya kusoma ya kwanza? Kiwanda kidogo cha ngozi kinachomwaga kemikali kinaweza kuhitaji wakaguzi na maabara kuliko ghorofa kubwa la ofisi. Ada inayokwenda kwa asilimia ya bei inapima utajiri wa mradi. Haipimi kazi ya mkaguzi, wala haipimi uchafu.

Januari 2017 serikali ikazifuta ada hizo za tathmini, ikisema inataka kurahisisha biashara. Sawa. Lakini kama kweli zilikuwa zinalipia ukaguzi, siku zilipofutwa ukaguzi ulilipiwa na nani? Ni kodi zetu sote, pamoja na kodi iliyo ndani ya unga na sabuni anayonunua mama wa Soweto West. Mwenye ghorofa akasamehewa, sisi tukachangia. Unaona? Wakipandisha hawaonyeshi hesabu, na wakifuta vilevile hawaonyeshi.

Tena kuna jambo linaloniuma kama mtu wa kompyuta. Tuliambiwa, na mimi mwenyewe nilihubiri, kwamba tukihamisha huduma kwenda kwenye intaneti gharama zitashuka. Hakuna foleni, hakuna karatasi, hakuna faili lililopotea kabatini. eCitizen ilianza 2014. Mwaka 2023 serikali ikasukuma maelfu ya huduma zake humo, na malipo yakaelekezwa kwenye nambari moja, 222222. Kiufundi ni kazi kubwa na wenzangu walioijenga nawavulia kofia. Basi iko wapi ile nafuu? Badala ya ada kushuka tukaongezewa shilingi 50 za kutumia mtandao wenyewe. Huduma ya shilingi 300 ikibebeshwa 50, hiyo ni karibu asilimia 17. Huduma ya 30,000 ikibebeshwa hizohizo 50, haifiki hata asilimia 0.2. Aliye chini ndiye anayeisikia.

Na msisahau gharama ambazo haziandikwi popote. Mtu wa Soweto West asiye na kompyuta hulipa saiba, hulipa kuchapisha, hulipa kutuma pesa, na hupoteza nusu siku ya kibarua. Serikali inapohesabu gharama zake za kumhudumia, mbona haihesabu gharama anazobeba yeye ili ahudumiwe?

Sasa nirudi kwa vijana wangu na mkokoteni wao, maana hapo ndipo jambo lenyewe linapouma.

Kwa Katiba ya 2010, kuzoa na kutupa taka ni kazi ya kaunti. Imeandikwa katika Jedwali la Nne, nenda kasome. Kwa Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006, anayesafirisha taka lazima awe na leseni. Yote mawili yana maana yake, na mimi sitaki kila mtu abebe taka za hospitali kwenye gunia. Lakini tembea nami Soweto West dakika kumi tu. Lori la taka halipiti kwenye vichochoro vile. Hata boda boda hupita kwa kuomba. Uchafu usiozolewa unaingia mtaroni, mtaro unateremka kuelekea mto Ngong na Bwawa la Nairobi, lile lililojengwa 1953 na ambalo kwa miaka mingi limejaa magugu na takataka za sisi sote. Gunia moja linalobebwa na wale vijana ni gunia moja ambalo halikwenda mtoni. Kwa lugha ya wahasibu, wao ndio wanaoipunguzia serikali gharama. Kama tunarejesha gharama kwa haki, serikali ndiyo inayodaiwa!

Mama anayekaanga samaki hapo nje ya saiba naye yumo. Kibali cha pamoja cha biashara ambacho Kaunti ya Nairobi ilianza kutoa mwaka 2023 kinakusanya ndani yake leseni ya biashara, zima moto, afya, usafi wa chakula na matangazo. Kukusanya karatasi tano kuwa moja ni wazo zuri na nalipongeza. Ila muulize mama huyo ni lini gari la zima moto liliwahi kufika kwenye kichochoro chake. Moto ukiwaka Kibera tunauzima kwa ndoo na mchanga, na kwa kubomoa nyumba ya jirani ili usivuke. Analipia huduma ambayo barabara ya kuifikisha kwake haipo. Akiuliza, ataambiwa ni gharama.

Sheria yetu ya mazingira inataja kanuni inayojulikana dunia nzima: anayechafua ndiye alipe. Naikubali kwa mikono miwili. Lakini tazama ni nani anayebanwa. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulileta ushuru wa mazingira, ikiwemo shilingi 150 kwa kila kilo ya nepi za watoto. Swali la akina mama wa mitaani lilikuwa la moja kwa moja: nepi hii ikishatupwa, nani atakuja kuichukua? Hawakujibiwa. Wazalishaji wa humu nchini walipolalamika, serikali ikasema itawaondolea ushuru huo. Tarehe 25 Juni vijana wakajaa barabarani, wengine wakapoteza maisha, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kutia sahihi mswada mzima. Ushuru wa mazingira ukafa nao. Labda lilikuwa wazo lenye kheri ndani yake. Hatutajua, kwa sababu lililetwa kama bili isiyo na maelezo.

Kwa upande mwingine, tazama Owino Uhuru, kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi 2007 ukutani mwa mtaa wa watu maskini na kikafungwa 2014, baada ya risasi kuingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miongoni mwa waliowajibishwa ni NEMA yenyewe. Fikiria hilo. Ofisi ya kudhibiti uchafuzi ilikuwepo, leseni zilikuwepo, ada zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kufika pale mapema na kufunga lango. Hata ungepandisha ada mara kumi, kama pesa haimfikishi mkaguzi langoni, umenunua karatasi ya bei ghali tu. Na gharama iliyobaki nani anairejesha? Inakaa katika miili ya watoto wa Owino Uhuru.

Najua kuna msomaji ameshakasirika anasema, "Wewe unataka vya bure." La hasha. Naandika programu, najua seva hazijilipii. Tena nitasema jambo ambalo wengine wenu hamtalipenda: ada za wachafuzi wakubwa zipande, na zipande sana. Kiwanda kinachohitaji kupimwa maji yake kila mwezi kilipe kila mwezi, mpaka senti ya mwisho ya maabara. Kukihurumia ni kumtoza mama wa samaki kwa niaba yake. Nchini Uingereza mwongozo wa Hazina yao unasema kwa kawaida ada ya huduma ya serikali ilingane na gharama kamili ya kuitoa, isizidi. Ndivyo inavyopaswa kuwa: gharama iwe msingi wa ada na pia kikomo chake. Hapa kwetu tumechukua nusu ya kwanza tu ya wazo hilo.

Wala msiniambie haiwezekani Afrika. Majirani zetu Watanzania, katika bajeti ya 2019/20, walifuta ada na tozo 54 baada ya kukaa chini na kuuliza kila moja ni ya nini. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, wale wa mauzo yasiyofika shilingi milioni 4 za Tanzania kwa mwaka, kwa shilingi 20,000 tu. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, lakini mmachinga alijua jambo moja ambalo mchuuzi wa Kawangware halijui: nalipa kiasi gani, mara ngapi, na nikishalipa nani hana ruhusa ya kunisumbua.

Basi nadai nini? Haya hapa, kwa ufupi:

1. Kila ada mpya itangazwe pamoja na jedwali lake la gharama, katika faili ambalo mtu anaweza kulifungua na kulihesabu mwenyewe. Msituletee picha ya karatasi iliyopigwa muhuri. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria, na Kifungu cha 201 kinadai uwazi na ushirikishwaji wa umma katika fedha. Uwazi usio na nambari ni hotuba.

2. Ada ya uchafuzi ipimwe kwa uchafu na kwa kazi ya kuukagua. Mkokoteni usiwekwe kwenye fomu moja na lori la tani kumi.

3. Anayepunguza uchafu asitozwe kama anayeuongeza. Vikundi vya kuzoa taka visajiliwe bure, vipewe mafunzo na glavu, na vionyeshwe mahali halali pa kumwaga. Dampo la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka 2001, kwa hiyo tukianza kuulizana maswali hayo hatutakosa la kuzungumza.

4. Huduma ikihamia kwenye intaneti na gharama ikashuka, ada ishuke. Hizo 50 zielezwe au ziondolewe.

5. Huduma isiyofika, ada yake isidaiwe.

Mtu ataniambia jedwali la gharama ni kazi kubwa. Nitamkumbusha kwamba mpaka mwaka 2009 Kibera ilikuwa doa tupu kwenye ramani za intaneti. Vijana 13 wa mitaa ya Kibera walichukua vifaa vya GPS, wakatembea kichochoro kwa kichochoro, wakaweka kila choo, kila kituo cha maji na kila kliniki kwenye OpenStreetMap ili dunia nzima ione. Ikiwa vijana wale waliweza kuichora Kibera nzima kwa miguu, wizara yenye wahasibu, magari na viyoyozi inaweza kuandika safu tano za jedwali.

Wale vijana wa Jumamosi hawakulipa. Hawakuwa nacho kiasi kile, na mimi sikuweza kuwashawishi wakope kwa ajili ya kitu nilichoshindwa kukieleza. Wakanishukuru, wakalipa shilingi zao za saiba (shemeji hana masihara), wakaondoka. Jumatatu asubuhi nikasikia magurudumu ya mkokoteni yakipita nje. Kwa hiyo wiki hii wanafanya kazi bila leseni, wanasafisha mtaa na kuvunja sheria kwa wakati mmoja. Siku mkokoteni ukikamatwa, mfuko wangu wa taka utabaki mlangoni siku tatu, kisha mvua itaushusha mtoni. Sijui gharama hiyo itarejeshwa kwa ada gani.

Kama kuna msomaji anayefanya kazi katika ofisi hizo na ana lile jedwali, naomba alitoe. Nitaliweka hapa lilivyo, hata likinionyesha mimi ndiye niliyekosea. Nitafurahi kukosea.

Haya, tukutane wiki ijayo. Nakala za hifadhidata, safari hii kweli.